Nitajuaje kama ni Mungu anasema nami au ni mawazo yangu mwenyewe?

Tulizo ameuliza:

Bwana asifiwe, wapendwa.

Nimeokoka tangu ujana wangu na naomba kila alfajiri kabla baba hajaamka. Naimba, natubu, nawataja wote niliowaahidi kuwaombea, nasoma sura moja, nasema amina. Kusema na Mungu nimezoea. Kusikiliza ndiko sijui. Nikinyamaza, yanayokuja ni mambo ya kazini, wimbo wa kwaya unaojirudia kichwani, na wasiwasi kama nilifunga mlango wa nyuma.

Sasa nina haja ya kusikia. Nimepata nafasi ya kazi katika mji wa mbali. Baba anaishi nami tangu mama alipofariki, na mimi ndiye ninayeongoza kwaya. Barua inataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Katika kikundi chetu cha maombi mmoja ameniambia ameonyeshwa nisiende. Mwingine anasema amepewa andiko kwamba niende. Wote wawili nawaheshimu, na wote wawili ni waombaji kweli.

Asubuhi moja nilisikia moyoni neno "nenda", wazi kabisa, nikafurahi. Baadaye nikajiuliza: mbona sauti hiyo ni ileile ninayojipa nayo moyo nikiwa na hofu?

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Msiniambie "amini tu". Nataka kujua mnafanya nini hasa mkishapiga magoti.

Mkunga_Mstaafu amejibu:

Mwanangu Tulizo, amani iwe kwako. Nilifanya kazi ya ukunga mpaka nikastaafu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiongoza saa ya ukimya kwa akina mama wa kanisani kwetu. Nitakujibu kwa lugha ya kazi yangu.

Kwamba "nenda" ilisikika kama sauti yako, hilo lisikutishe. Samweli alipoitwa na Mungu usiku alikimbilia kwa kuhani Eli mara tatu. Sauti aliyoisikia haikuwa ngeni. Ilimfikia kama sauti ya mzee wa chumba cha pili. Na mara ya nne Mungu hakuigeuza iwe ngurumo. Aliyebadilika ni Samweli, baada ya Eli kumfundisha kusema, "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Ukingoja sauti isiyofanana kabisa na fikra zako, utangoja sana. Mungu akisema na moyo wako, husema kwa moyo huohuo ulio nao.

Kwa hiyo kazi ni kutofautisha. Mkunga anaposikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa fetoskopu, ile pembe ndogo ya kuwekea sikio, hakimbilii kuhesabu. Kwanza anashika kifundo cha mkono wa mama ili ausikie mpigo wa mama wakati uleule sikio linatafuta wa mtoto. Mpigo wa mama nao husikika tumboni, na mwanafunzi asiyeushika mkononi anaweza kuuhesabu akiamini kabisa kwamba amempata mtoto. Moyo wa mtoto hupiga kati ya 110 na 160 kwa dakika, na wa mama kwa kawaida uko chini ya hapo, lakini mama mwenye hofu au homa moyo wake hukimbia hadi ukakaribia wa mtoto. Ndiyo maana hatutegemei sikio peke yake. Tena pembe ikishakaa sawa unaiachia mkono, unaishikilia kwa sikio tu, kwa sababu vidole vikiigusa vinaleta kelele.

Katika maombi, mpigo wa mama ni matakwa yako na hofu zako. Usiyafukuze, yashike. Kabla hujanyamaza, mwambie Mungu kwa maneno ya kawaida kabisa: "Bwana, mimi nataka kwenda, na naogopa watu watasema nimemtelekeza baba." Au vyovyote ilivyo kwako. Ukishayataja, yakirudi katikati ya ukimya utayatambua: haya ni yangu, nimekwisha kuyasema. Nimewaona waombaji wazuri wakijilazimisha kuwa kama watu wasiotaka chochote, na hao ndio wanaobeba mpigo wao wenyewe na kuuita sauti ya Bwana. Kisha achia mkono. Usimwendeshe Mungu kwa "ndiyo au hapana, Bwana, ndiyo au hapana".

Na sasa lile ninalotaka ulishike kuliko mengine yote: sikiliza swali kabla ya kusikiliza jibu. Sisi tunamwendea Mungu na maswali yetu, lakini soma Biblia uone ni mara ngapi yeye ndiye anayeuliza. Adamu: "Uko wapi?" Kaini: "Kwa nini una ghadhabu?" Bartimayo, kipofu anayeomba kando ya njia, ambaye haja yake kila mtu aliiona: "Wataka nikufanyie nini?" Petro baada ya kumkana Bwana aliulizwa mara tatu kama anampenda. Hata nabii Eliya kule mlima Horebu. Tunapenda kuhubiri juu ya upepo, tetemeko, moto, na ile "sauti ndogo, ya utulivu", lakini wahubiri wengi wanaishia hapo, hawafiki kwenye kile alichoambiwa. Aliulizwa, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Na alikuwa ameulizwa swali hilohilo kabla ya upepo. Maagizo yalikuja baadaye, na yalikuwa ya kazi: rudi, mtie mafuta Hazaeli, mtie mafuta Yehu, mtie mafuta Elisha.

(Na kabla ya yote hayo, chini ya mti wa mretemu, malaika alimwambia Eliya mara mbili: "Inuka, ule." Alikuwa amechoka hadi kutamani kufa, na Mungu hakumfundisha kusikiliza siku hiyo. Alimlisha, akamwacha alale tena. Kama hulali vizuri kwa sababu ya barua hii, lala kwanza.)

Umeuliza nifanyavyo. Nachukua aya chache, si sura nzima. Nazisoma kwa sauti, polepole, kisha narudia. Pale moyo unaposhtuka au unapokataa, nakaa. Hasa unapokataa. Kisha nanyamaza kama robo saa. Daftari liko karibu: mlango wa nyuma ukija, nauandika, nikishainuka nitauangalia. Ukimya ukiisha naandika kilichokuja, kwa maneno machache, bila kukipamba na bila kukiita neno la Bwana. Nakiacha. Baada ya siku kadhaa nasoma tena, na hapo ndipo naona kipi bado kina uhai na kipi kilikuwa hisia za asubuhi ile.

Jambo moja bado. Roho Mtakatifu hutaja dhambi kwa jina lake na kukuonyesha mlango wa kutokea. Ile sauti inayokutukana wewe mzima, kwamba hufai, kwamba umechelewa, fanya sasa hivi usimwulize mtu, hiyo usiijadili hata kidogo. Na yeyote anayesoma hapa akisikia kwa masikio sauti inayomwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, amwone daktari na mchungaji wake siku hiyohiyo. Asikae nayo peke yake kwa sababu anaona aibu.

Ngazi_ya_Yakobo amejibu:

Mama Mkunga amesema vizuri. Mimi ni Mkatoliki, na nitaongeza kitu kimoja tulichorithi kwa Mtakatifu Ignas wa Loyola.

Mwaka 1521 alikuwa askari akiulinda mji wa Pamplona, mzinga ukamvunja mguu. Alipokuwa kitandani nyumbani kwao Loyola aliomba vitabu vya mashujaa na mapenzi. Havikuwepo. Akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Basi akawa na ndoto za aina mbili: saa nzima akiwaza jinsi atakavyomtumikia bibi fulani wa hadhi, kisha saa nyingine akiwaza kuishi kama watakatifu. Zote zilimfurahisha alipokuwa akiziwaza. Tofauti aliiona baadaye: zile za kwanza zikishapita zilimwacha mkavu na bila raha, hizi za pili zikishapita furaha ilibaki.

Kwa hiyo, dada Tulizo, usilipime lile "nenda" kwa furaha ya asubuhi ile. Lilikuachaje jioni? Kesho yake? Chukua siku kadhaa uishi moyoni kama mtu aliyekwisha kukubali kazi, kisha siku kadhaa kama mtu aliyekwisha kuikataa, na kila usiku mweleze Mungu ulivyoshinda. Na Ignas aliacha kanuni moja ambayo imewaokoa wengi: wakati wa ukiwa, moyo unapokuwa mzito na sala haina ladha, usibadilishe uamuzi uliofanya ulipokuwa na amani.

Zamu_ya_Usiku amejibu:

Kuhusu wale wawili wa kikundi cha maombi. Soma Matendo 21. Nabii Agabo alikuja Kaisaria, akautwaa mshipi wa Paulo, akajifunga mikono na miguu, akasema mwenye mshipi huu atafungwa hivi Yerusalemu. Angalia kwa makini: Agabo hakusema "usiende". Hilo "usiende" lilitoka kwa ndugu waliokuwepo, wakilia, kwa sababu walimpenda. Paulo akaenda. Na Agabo alikuwa amesema kweli.

Huyo aliyeonyeshwa, mwulize kwa upendo: uliona nini hasa, na kipi ni tafsiri yako? Pengine ameona shida mbele yako, akakuhurumia, huruma ikasema "usiende". Na yule wa andiko mwulize vilevile. Yohana anasema "msiiamini kila roho", bali tuzijaribu. Kumwuliza mtu swali si kumdharau. Mtu wa Mungu hakasiriki akijaribiwa. Akikasirika, umepata jibu lako juu yake.

Tulizo ameandika tena:

Mama, kaka zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Nimefanya kama mlivyosema.

Niliposoma habari za Bartimayo nilikwama pale pale, "Wataka nikufanyie nini?" Nikagundua kwamba sina jibu. Nimekuwa nikiomba "mapenzi yako yatimizwe" bila kusema yangu hata mara moja. Nikayasema, nikalia. Nataka kwenda. Na katika ukimya ule swali likaja, si kwa sauti, lakini lilinishika nikashindwa kuliweka kando: baba anasemaje? Kikundi kizima kimeombea jambo hili, na yeye anayelala chumba cha pili sijamwuliza.

Nimemwuliza. Alinyamaza kidogo akasema hataki kuwa sababu ya mimi kwenda wala ya mimi kubaki. Kisha akauliza nani atakuwa anampeleka kliniki. Basi, hakuongeza kitu.

Yule aliyeonyeshwa nisiende amekiri kwamba aliona njia yenye giza, "usiende" ni lake. Yule wa andiko bado sijakutana naye.

Lakini kuhusu kazi yenyewe, Mungu yuko kimya. Mwezi ukiisha bila neno, nifanyeje?

Mkunga_Mstaafu amejibu:

Mwanangu, hakuwa kimya. Amekuuliza habari za baba, na umemjibu kwa kwenda kumwuliza. Hivyo ndivyo anavyosema na wengi wetu: anatoa hatua moja, anangoja ipigwe.

Tarehe za barua hazimbani Mungu. Yeremia alikuwa nabii, watu wakamsihi awaulizie njia, naye alikaa siku 10 kabla neno halijamjia. Na wale waliomtuma walikuwa tayari njiani kuelekea Misri kabla ya kuuliza, ndiyo maana jibu lilipokuja walimwita mwongo. Wewe umekwisha kusema unataka kwenda. Linda sana hapo, usiwe umeshafunga mizigo moyoni.

Lakini pia kutosikia hakumaanishi kusimama. Paulo na wenzake walizuiliwa na Roho wasihubiri jimbo la Asia, wakajaribu Bithinia, wakazuiliwa, wakateremka Troa, na huko ndiko maono ya mtu wa Makedonia yalikomkuta Paulo. Walizuiliwa wakiwa wanatembea. Na maono aliona Paulo peke yake, ila Luka anaandika kwamba waliona hakika wote pamoja. Usiamue peke yako. Mketishe baba, mchungaji wako, na mtu mmoja asiyefaidika na uamuzi wowote.

Swali la baba ni la kliniki, basi anza na kliniki. Wiki hii tafuta nani anaweza kumpeleka: ndugu, jirani, wazee wa kanisa, watu wa kwaya hiyo unayoiongoza. Ukimpata mtu wa kuaminika, au ukitafuta kwa bidii ukamkosa, utakuwa na jambo mkononi ambalo leo hulijui, na uliombee hilo. Barua usiiandike usiku wa mwisho ukiwa umechoka. Iandike siku mbili kabla, asubuhi, baada ya maombi, na baba aisome kabla hujaituma.

Nakutaja kila alfajiri. Nipe jina analoitwa baba, tumwombee naye.