Muujiza uliokukuta kipindi cha Krismasi, au ule uliousubiri na haukuja: tupeane uzoefu

Mleta mada
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wakuu ambao si wa imani yetu karibuni pia. Krismasi ndo hiyo inaingia, tutasikia tena Gabrieli kaja kwa Maria, wachungaji kondeni, nyota, mamajusi, tunaitikia amina tunaondoka. Sasa nauliza, wewe mwenyewe unaamini miujiza? Sitaki ya kusimuliwa wala zile klipu za magrupu, nataka iliyokukuta wewe. Na mlioomba mkafunga na hamkupata msikae kimya, nyie ndo nawahitaji zaidi, maana kwenye shuhuda tunawasimamisha waliopata tu, aliyekosa anabaki kwenye benchi anajiona imani yake ndogo.

Naanza mimi. Kaka yangu na baba walikuwa hawasemeshani miaka mingi kisa kiwanja, mama anaomba kila siku mpaka sisi watoto tukawa tunamwambia mama achana nayo hii. Mkesha mmoja wa Krismasi simu ya baba ikaita, namba ngeni, akapokea, kumbe ni kaka. Hakuna aliyeomba msamaha wala kulia. Baba aliuliza tu "watoto hawajambo?" kaka akasema wanakuulizia babu yao. Wakaongea mpaka salio la kaka likakata, na hapo ndo nilipochoka kabisa, baba akapiga yeye. Najua atakuja mtu aseme watu huchoka tu kugombana, sawa, ila mimi nawajua hao wawili na sijui jina lingine la kuiita ile simu.

Nesi wa Usiku
Asante mleta mada. Nilikuwa zamu ya usiku mkesha wa Krismasi, mtoto katoka hajalia, kalegea, rangi siyo. Tumefundishwa dakika ile ya kwanza ndo kila kitu, unamkausha, unamsugua mgongo, asipovuta pumzi unamwekea maski unaanza kumpa hewa na kile kibegi cha kubinya kwa mkono. Nikawa nabinya huku naomba kimoyomoyo na mama yake yuko pale ananiuliza sista mbona halii, mbona halii. Kifua kikaanza kupanda, mapigo yakapanda, halafu akalia kwa nguvu zote. Sasa naelewa vizuri kabisa kilichotokea, watoto wengi wa hivyo wanaamka wakipata hewa mapema, ndo maana tunafunzwa. Lakini kujua hewa inavyofanya kazi hakunizuii kumshukuru aliyeumba hayo mapafu.

Ila niseme na hili. Nimeshafanya hivyohivyo, mikono hiihii, kibegi hichohicho, maombi yaleyale, na mtoto hakuamka. Kwa hiyo mtu akimwambia mama aliyefiwa "ungeomba kwa imani" mimi huwa naumia sana.

Natafuta Jibu
Mimi nimelelewa kanisani lakini kuzaliwa na bikira kunanipa shida, niseme tu ukweli. Marko hagusi kabisa habari ya kuzaliwa, anaanza na Yohana Mbatizaji mtoni. Paulo kwa Wagalatia anasema amezaliwa na mwanamke basi, habari ya bikira haigusi. Hata 25 Desemba haimo kwenye Biblia, kumbukumbu ya zamani kabisa ya Wakristo wa Roma kuiweka siku hiyo ni ya mwaka 336. Nikiuliza naambiwa nina roho ya upinzani. Mtu kama mimi ana nafasi kweli kwenye Krismasi?

Mpita Njia
Mimi Muislamu mkuu, na kwa hilo la bikira niko upande wa hao ndugu zako, sisi nasi tunaamini Maryam alimzaa Issa bila kuguswa na mwanaume, sura ya 19 ina jina lake kabisa. Tunatofautiana kuhusu Issa ni nani, hilo tuliache leo. Heri ya sikukuu.

Mleta mada
Shukrani sana Mpita Njia.

Natafuta Jibu, nafasi unayo ndugu yangu, na usikubali mtu akwambie huna. Maria mwenyewe aliuliza "litakuwaje neno hili?" Zakaria alitaka uthibitisho akafungwa ulimi, sawa, lakini angalia, Yohana alizaliwa vilevile, ahadi haikufutwa kwa sababu ya mashaka ya mzee. Yusufu naye alishaazimu kumwacha binti wa watu kwa siri. Ndo watu Mungu aliofanya nao kazi, wenye maswali na hofu zao. Na yule baba wa Marko 9 aliyesema naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, mwanae si aliponywa? Tarehe isikusumbue, kuna Waorthodoksi wanaosherehekea 7 Januari kwa kalenda ya zamani na Yesu ni yuleyule. Na kuuliza si upinzani. Angalia Lourdes kule Ufaransa, mahali Wakatoliki wanapoenda kuhiji na kuombea wagonjwa, tangu 1858 wameandikisha visa vya uponyaji zaidi ya 7,000, vinapitia kwa madaktari kwanza, na ambavyo Kanisa Katoliki limevitangaza rasmi kuwa miujiza ni sabini na kitu tu. Mimi ni mlokole lakini kwa hilo nawaheshimu, wanaogopa kumsingizia Mungu.

Bado Naimba
Nimesoma hapa mpaka machozi. Mama yangu alifariki wiki ya Krismasi. Tuliomba, tulifunga, alipakwa mafuta, watu waliniambia wameoneshwa kwamba atapona. Nikaenda ibada ya Krismasi kwa kujikokota, watu wanaimba mimi mdomo hautoki. Mchungaji hakuishia kwenye hori, akasoma na Mathayo 2, Herode anaua watoto wa Bethlehemu, Raheli akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa. Miaka yote nilikuwa naipita tu hiyo. Yusufu alionywa ndotoni akakimbilia Misri, akina mama wengine hawakuonywa, kwa nini, sijui na sitaki mtu anijibu haraka. Lakini yule mama anayekataa kufarijiwa kaandikwa humohumo ndani ya habari ya Krismasi na hakuna anayemkemea. Nikalia pale pale kwenye kiti.

Na muujiza niliouona ni huu. Mama alikuwa mwoga sana, radi tu ikipiga anafunika uso. Zile siku za mwisho yeye ndo alikuwa ananishika mkono ananiambia usiogope. Uponyaji tuliouomba haukuja, ila hofu yake ilienda wapi? Mimi naamini Imanueli, Mungu pamoja nasi, kwa sababu nilikuwa kwenye kile chumba.

Natafuta Jibu
Pole sana dada. Sina la kuongeza. Mleta mada nimekuelewa, nitaenda ibadani mwaka huu na maswali yangu.

Mleta mada
Nenda ndugu, ukirudi uje utuambie. Dada Bado Naimba pole, na asante kwa kutuandikia. Wengine endeleeni, nataka niwasikie pia waliotoka kwenye ulevi, wanaosubiri mtoto mpaka leo, na walioacha kuamini wakarudi au bado hawajarudi. Kama kuandika hapa wazi ni kugumu nitumie inboksi, nitaiweka bila kutaja chochote kinachokuhusu.