Naenda Catania wiki tatu, kila mtu ananiambia pale hakuna kitu, ni kweli?

mwisho_wa_reli:

Wakuu habari za jioni. Mi nipo hapa Mwanga, Kigoma, kazi yangu dagaa, nanunua Kibirizi nakausha nasafirisha. Sasa mwezi wa tano Mungu akipenda nina kozi fupi ya kuhifadhi samaki huko Italia, sio Roma wala Milano, ni mji unaitwa Catania kwenye kisiwa cha Sicily. Viza imetoka ijumaa. Shida ni kwamba kila ninayemwambia ananikatisha tamaa, kuna jamaa aliwahi kupita anasema pale ni pa kushukia ndege tu, watalii wakitua wanapanda basi la Taormina au wanaenda zao Palermo, hakuna anayelala. Nimeangalia picha nikaona majumba meusi meusi kama yameungua moto. Darasa ni jumatatu mpaka ijumaa, saa nane mchana nipo huru, wikiendi yote nipo huru, ila hela ya kujikimu sio ya kwenda kula bata Taormina. Aliyewahi kukaa pale anijuze kuna la kufanya au nibebe karata nicheze mwenyewe? Alafu mi ni muislamu, msosi vipi?

Mha_wa_ughaibuni:

Huyo jamaa yako alipita, hakukaa. Ni kama yule mgeni anashuka stesheni Kigoma asubuhi, mchana yupo kwenye boti anaenda Gombe kuangalia sokwe, akirudi kwao anasema Kigoma hakuna kitu, wakati hata mgebuka wa kuchoma hajaonja. Mi nimesoma Catania miaka miwili, chuo chao kina umri kuliko nchi yao, kipo tangu 1434, na nakwambia ule mji una mambo ila haujipendekezi kwa mgeni.

Kwanza hizo nyumba hazijaungua. Ni jiwe la volkano. Mlima Etna upo juu ya mji pale unauona ukiwa unapiga mswaki, 1669 ulitema lava ikashuka mpaka mjini ikaingia baharini, wakiwa bado wanajipanga 1693 mwezi wa kwanza likaja tetemeko likalala na karibu mji mzima. Wakajenga upya kwa kilichokuwepo, yani lileile jiwe jeusi lililowamaliza ndo wakalichonga, wakachanganya na jiwe jeupe. Lami karibu huioni katikati ya mji, ni mawe meusi yameng'aa kwa kukanyagwa, mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni.

Sasa we mtu wa samaki nenda sokoni JUMAMOSI ASUBUHI. Jumapili wamefunga na siku za darasa ukitoka saa nane utakuta wanaosha meza. Soko linaitwa Pescheria, lipo nyuma ya uwanja wa kanisa kuu, utaona chemchemi ya marumaru maji yanamwagika mapana kabisa, wenyeji wanayaita maji ya shuka maana yanaanguka kama shuka limeanikwa. Huo ni mto Amenano, lava iliufunika, unapita chini kwa chini na hapo ndo unachungulia. Pembeni kuna ngazi, shuka, na kabla hujafika chini utasikia makelele. Wanapiga kelele kuliko wapiga debe, ile ya kuimba kabisa, huyu anaanza yule anajibu. Kuna yule samaki mwenye pua kama upanga, kichwa chake kinasimamishwa juu ya meza upanga unaangalia mbinguni, mwili unakatwa pembeni yake kwa kisu kirefu. Pweza, kamba, konokono wanatembea kwenye beseni, na kila dakika mtu anarusha kopo la maji juu ya samaki wang'ae, maji yanamwagika chini kwenye yale mawe. Mi siku ya kwanza nilivaa raba soli imeisha, nilianguka chali mbele ya meza ya pweza, mzee mmoja akaniinua akanipa limau ninuse, sijui alidhani nimezimia.

Na hapa ndo nataka ufike. Tafuta kasamaki kadogo kanaitwa masculini. Ni aina ya dagaa wa baharini, na kuna wavuvi wa ghuba ya Catania wanaovua kwa nyavu za zamani ambazo samaki anaingiza kichwa kwenye tundu la wavu ananasa shingoni, damu inamtoka mwenyewe humohumo majini, kwaiyo nyama inakuwa safi na ladha inabadilika. Wakimtoa wavuni mara nyingi kichwa kinabaki. Msimu ni mwezi wa nne mpaka wa saba, yani unafika katikati kabisa. Sisi tunavua usiku na taa, tunakusanya kwa wingi tunaanika, mwenzetu anauza kidogo kwa bei ya maana kwa sababu tu ya jinsi alivyokufa samaki! Mwanzoni nilicheka, alafu nikaacha kucheka nilipoona kichupa chao cha kuweka chumvi kinauzwa bei gani. Hiyo kozi yako nusu yake utaisoma pale sokoni, amini.

sharobaro_gungu:

Mkuu mi ningekuwa na viza hiyo saa hii nisingeuliza cha kufanya 😂😂 we nenda ukakae hata barazani uangalie watu

Bint Ujiji:

Assalaam aleikum kaka. Mimi shemeji yangu yuko Sicily, nilimtembelea nikakaa Catania mwezi na nusu. Suala la kula usiwe na hofu sana ila fungua macho. Jifunze neno moja, MAIALE, ndo nguruwe. Wana kitu kinaitwa arancini, ni wali umefinyangwa ukawekwa kitu katikati ukakaangwa, pale Catania wanaufinyanga na kichwa kilichochongoka kama mlima wao, Palermo ni wa mviringo na wanagombana mpaka kwenye jina, huku wanasema arancino, jina la kiume, kule arancina, la kike. Ule wa nyama uache mpaka uulize, chukua wa mbilingani au spinachi. Pasta ya Norma ni mbilingani za kukaanga, nyanya na jibini ya chumvi juu, haina nyama, nilikula mpaka nikaota mbilingani. Ukienda mtaa wa Plebiscito jioni utasikia moshi wa nyama choma unakuita, hiyo ni FARASI, wenzetu hawana shida nayo. Nilipita nimeshika pua.

Msikiti upo, uko Piazza Cutelli sio mbali na katikati, ijumaa utakutana na Wabangladesh, Wasenegali, watu wa Morocco, utasahau uko Ulaya. Na nilichofurahi mimi ni kwamba Waarabu walitawala kile kisiwa zamani na maneno yao yamebaki. Wazee wanauita ule mlima Mongibello, nusu ya kwanza ni mlima kwa kilatini, nusu ya pili ni jabal ya kiarabu, hilihili jabali letu. Yani unaitwa Mlima Mlima 😄.

Jioni ukichoka tafuta vile vibanda vidogo vya vinywaji, agiza seltz limone e sale. Anakamua malimau mawili mbele yako kwa chuma kikubwa cha mkono, anatia kijiko cha chumvi, anafungulia maji ya gesi, povu linapanda unakunywa umesimama kabla halijashuka. Bei ni ya soda. Mara ya kwanza nilikunja uso, siku ya tatu nilikuwa napitia pale kila nikitoka.

Baharia Mstaafu:

Vijana mmeongea vizuri. Nami niongeze la mlimani maana nilitia nanga pale mara tatu enzi za meli.

Basi la kwenda Etna linatoka mbele ya stesheni ya treni, nilivyoliacha ni moja tu asubuhi na jioni linarudi hilohilo. Ukilikosa la kurudi umelala na volkano, mimi lilitaka kuniacha kwa sababu nilikuwa naokota mawe. Linakufikisha karibu mita 1,900, hapohapo pana vishimo vya mlipuko wa 1892 unavizunguka kwa miguu, inatosha kabisa, wanaotaka kupanda zaidi kuna gari la kamba mpaka 2,500 ila bei yake ni kilio. Kilele kipo juu ya mita 3,300 na urefu unabadilika kila mlima ukitapika. Beba koti hata kama mjini ni jua kali. Kuna siku mlima unatema majivu, yanashuka meusi kama mchanga mpaka mjini, wanafagia mabalkoni na uwanja wa ndege unafungwa, kwahiyo siku ya kurudi Tanzania usipange kiunganishi cha ndege cha dakika arobaini.

Kingine kwa mtu wa mwisho wa reli: wana treni ndogo inaitwa Circumetnea, inauzunguka mlima kama kilomita 110, inapita mashamba ya pistachio huko Bronte, lava imekauka pande zote mbili. Uliza kwanza stesheni maana kipande cha mwanzo wanakigeuza kuwa metro, huenda ukaanzia kwenye basi. Jumapili haitembei.

Mha_wa_ughaibuni:

Mzee wangu shikamoo. Umenikumbusha ngome, mkuu usikose Castello Ursino. Ni ngome ya miaka ya 1200, ilijengwa ufukweni kabisa, mawimbi yanagonga ukuta. Ile lava ya 1669 ikaizunguka ikajaza bahari, leo ngome ipo katikati ya nyumba za watu na bahari huioni. Nilivyoiona nikawaza pale Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, mgeni anauliza sasa huyo na Stanley walikutana 1871 kando ya ziwa, ziwa lenyewe liko wapi? Tofauti yetu ziwa likijisikia linarudi na kuingia hadi majumbani.

Na pale uwanja wa kanisa kuu kuna tembo wa jiwe jeusi kabeba mnara wa mawe mgongoni, wanamuita Liotru, ndo nembo ya mji, aliwekwa hapo miaka ya 1730. Watu wanapanga kukutana hapo, "saa moja kwa tembo". Mi nilikuwa nikimuangalia najisemea kwao tembo ndo anabeba mzigo, kwetu Ujiji meno ya tembo yalibebwa na watu mabegani mpaka pwani.

Kuogelea usitegemee ufukwe kama wetu wa Jakobsen hapo Kigoma. Mchanga upo upande wa Playa na sehemu nyingi ni za kulipia, pa bure penye utamu ni San Giovanni Li Cuti, mawe meusi na kijibandari cha mitumbwi, beba sendo usitoboke miguu. Skuta ziangalie na simu iweke mfuko wa mbele. Taormina nenda siku moja kwa treni ukapige picha, urudi ulale kwenu.

mwisho_wa_reli:

Aisee nimesoma nimerudia. Shikamoo mzee, dada asante kwa hilo la maiale nimeliandika kwenye karatasi. Kwaiyo jumamosi ya kwanza soko, ya pili mlima, buti za mpira nazibeba sitaki kuanguka mbele ya pweza. Mha swali moja, wale masculini wanawapika vipi? Wanakaanga kavu au mchuzi? Nikirudi nataka nijaribu kwa dagaa wetu.

Mha_wa_ughaibuni:

Wengine wanakaanga. Ila wenyewe hasa wanampasua, wanatoa mwiba, wanamwagia limau na mafuta ya zeituni, wanasubiri kidogo wanakula.

mwisho_wa_reli:

Mbichi??

Mha_wa_ughaibuni:

Mbichi.

Bint Ujiji:

Kaka we chukua mbilingani.