Ndoa ikivunjika, aliyelea watoto apate kiasi gani?

Mkaazi wa Umoja: Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali, kila mmoja aonyeshe mchango wake. Wanaume wengi walishangilia. Hawakusoma hadi mwisho: katika kesi hiyo hiyo mke alibaki na nusu ya nyumba. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 nayo inahesabu kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango.

Ugumu uko kwa ushahidi. Bwana ana risiti za simiti na jina lake kwa hati. Aliyepandisha mitungi ya maji hadi ghorofa ya nne, mgongoni mtoto, atatoa risiti gani? Shirika la Takwimu lilipopima matumizi ya muda mwaka 2021, wanawake walitumia takriban mara tano ya muda wa wanaume kwa kazi hizi zisizolipwa. Basi nyumba ya familia ihesabiwe nusu kwa nusu, na anayepinga ndiye alete ushahidi. Nani anapinga?

Fundi wa Kariobangi: Mimi. Dada, hilo panga linakata huku na huku. Dada yangu anauza mitumba Gikomba, saa kumi usiku ashatoka. Ploti kanunua yeye, mawe kalipia yeye. Shemeji yuko baze anacheza drafti. Naye umpe nusu?

Mkaazi wa Umoja: Dada yako ana daftari la biashara na meseji za M-Pesa, atashinda asubuhi na mapema. Nusu ni pa kuanzia tu. Anayehitaji kusaidiwa ni yule asiye na karatasi hata moja. Na mama fua akija kwako unamlipa, sivyo? Mkeo akifua, hesabu inapotelea wapi?

Fundi wa Kariobangi: Mama fua halali kwangu wala hali kwangu. Lakini sawa, daftari nimekubali. Bado sitaki hakimu aanze na jibu mkononi.

Mpangaji wa Pipeline: Samahani wakubwa, nyinyi mnagombania ploti. Huku sisi ni wapangaji, na cheti cha ndoa wengi hatujawahi kukiona. Ndiyo, mwezi huo huo wa Januari mahakama iliwagawia wawili walioishi pamoja bila ndoa nyumba yao, 70 kwa 30. Lakini walikuwa na nyumba! Tukiachana huku tunagawana meko ya gesi, kitanda na deni la duka. Kinachobaki ni karo ya muhula ujao, na mara nyingi inabaki kwa mama. Katiba, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Aliyewahi kupata pesa ya matunzo bila kufukuzana na mtu miezi mingi aseme hapa alifanyaje.