Nahama Moshi kwenda Edmonton na watoto wawili: nifuate nauli ndogo au kilo?

MamaWawili_Rau

Wakuu heshima kwenu, na shikamooni wakubwa.

Niko Moshi, Rau. Mwezi wa tisa nahamia Kanada na wanangu wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine minne. Baba yao yuko Edmonton tangu mwaka jana. Viza za ukaazi zimeshatoka, kilichobaki ni tiketi, na hapo ndipo tunapovutana kwenye simu kila jioni.

Safari ya kwanza inaanzia hapa hapa KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro: Addis Ababa, Toronto, Edmonton, tiketi moja, kila mtu mabegi mawili ya kilo 23. Ya pili kaitafuta mwenyewe usiku mtandaoni: nipande basi mpaka Nairobi, nichukue ndege ya bei chee mpaka Ghuba, nikae pale nusu siku na watoto, nipande ya kampuni nyingine mpaka Toronto, halafu tiketi ya tatu ya ndani ya Kanada. Hiyo inapungua dola 310 kwa kila kichwa. Ila ile ndege ya kwanza inatoa kilo 7 za mkononi basi, begi la chini unanunua.

Yeye anasema dola 930 huku ni hela ya kuanzia maisha. Sawa. Lakini mimi ni fundi cherehani, nina kichwa cha cherehani ya Butterfly, cheusi, alichoniachia mama, na sikiachi. Kuna vitenge, kuna vitabu vya watoto, na mama mkwe ameshaanza kushusha vitu kutoka Kibosho kwenye mashangazi kaja: unga wa ndizi, maharage, blenda mpya ya zawadi, na jana kaja na mche wa isale, ule mmea wetu Wachaga wa amani na baraka, na udongo wake ndani ya kopo.

Naombeni ushauri kwa waliohama, siyo waliokwenda kutembea. Nawasilisha.

Kijana_wa_Sakina

Ngoja waje wajuzi. Mi niko hapa na kahawa.

MzeeWaMizani

Marahaba mwanangu. Niko Arusha, nimestaafu. Nimekaa kaunta za KIA muda mrefu, nikipima mabegi ya watu na kusikiliza machozi yao, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Mumeo hajakosea kutafuta nafuu, ila amelinganisha bei ya viti. Wewe hununui viti, unahamisha nyumba. Kaa naye mlinganishe bei ya kutoka mlango wa Rau mpaka mlango wa Edmonton na kila kitu mgongoni.

Anza na kilo. Kuna mashirika yanayohesabu mabegi na mengine yanayohesabu uzito wa jumla. Safari za Kanada na Marekani kwa kawaida zinahesabu mabegi: mawili, kila moja lisizidi 23. Mtoto mwenye siti yake anapata sawasawa na mtu mzima, hata huyo wa miaka minne. Kwa hiyo ninyi watatu mna mabegi sita, kilo 138. Huo ni mzigo wa maana. Lakini usije na begi la kilo 40 ukaniambia "si tuko watatu, tugawane". Kila begi linajitegemea. Likipita 23 unalipia uzito uliozidi, na likipita 32 halipokelewi kabisa kama mzigo wa abiria, hata uwe na hela kiasi gani, maana kuna binadamu huko chini anayelibeba kwa mgongo. Vipimo navyo: urefu, upana na kimo ukijumlisha visizidi sentimita 158.

Sasa njoo kwenye hiyo ya tiketi tatu. Begi ulilonunulia nafasi kwenye ndege ya kwanza linaishia Ghuba. Kampuni ya pili haikujui, haina habari kama ulikuwa na begi. Utatoka nje, ulichukue kwenye mkanda, ulipeleke kaunta nyingine. Na kutoka nje maana yake ni kupita uhamiaji, na kupita uhamiaji kwa pasipoti yetu maana yake ni viza, kwa watu watatu. Ukifika Toronto, tiketi ya ndani nayo ina bei yake ya mabegi, kwa sababu wao hawaioni ile safari ya kutoka Afrika. Wanaona mama kaanza safari Toronto na mabegi sita. Kwenye tiketi moja, ile haki ya mabegi mawili inakufuata mpaka Edmonton.

Kwa hiyo toa kwenye hizo 930: mabegi sita ya ndege ya kwanza, mabegi sita ya ndani ya Kanada, viza tatu, basi la Nairobi, chakula cha nusu siku uwanjani. Mwambie aandike kwenye karatasi, halafu muongee jioni.

Na ndege ya kwanza ikichelewa, ile ya pili inaondoka bila ninyi na hakuna wa kumdai. Kwenye tiketi moja, kukufikisha ni juu yao.

Kijana_wa_Sakina

Mzee heshima yako, lakini naona mnazikandia sana hizi ndege za bei chee. Mi nimepita Namanga na basi asubuhi, jioni nimepanda Nairobi kwenda Sharjah na begi la mgongoni, nimefanya biashara zangu nimerudi. Nauli ilikuwa ya kucheka.

MzeeWaMizani

Hujakosea kijana. Unakwenda sehemu moja, unarudi, mgongoni una begi moja: hiyo ndege ilitengenezwa kwa ajili yako. Sikukataza.

Hata sisi tulizifurahia. Fastjet ilipoanza Novemba 2012, moja ya njia zake za kwanza ilikuwa Dar kuja hapa KIA, na nilihudumia watu waliokuwa hawajawahi kupanda ndege maisha yao yote. Mama anakuja na kuku kwenye kikapu kama anapanda basi la Mbauda. Mwisho wa 2018 wakawa hawapo tena. Huko nje WOW ya Iceland ilifunga Machi 2019 watu wakiwa safarini, na Norwegian waliacha safari za mbali Januari 2021. Njia ndefu kwa nauli ndogo ni biashara ngumu. Mtu wa begi la mgongoni akikwama anatafuta basi. Huyu mama akikwama ana watoto wawili na cherehani.

Theluji_Tupu

Dada pole na hongera. Mimi ni wa Machame, sasa nipo Winnipeg. Mzee kamaliza habari ya tiketi, mimi niseme ya ndani ya begi, maana kilo 138 ukizijaza vibaya ni sawa na bure.

Blenda iache. Huku umeme ni volti 120, huko ni 230. Itazunguka kama mgonjwa, au isizunguke kabisa. Pasi, jagi la umeme, vyote gawia ndugu. Cherehani yako haili umeme, kwa hiyo hiyo ni halali kabisa kuibeba. Tena mafundi huku ni adimu, kupunguza suruali tu unalipa mpaka unashangaa.

Makoti ya baridi: utaona watu wanakuambia nenda soko la mitumba la Memorial ukachague mazito. Dada, makoti ya Memorial yalitoka huku huku kwenye kontena! Usiyalipie nauli ya kurudi kwao. Chukua moja moja la kushukia, mengine mtanunua mitumba ya hapa, na yanalingana na baridi ya hapa. Mwezi wa tisa theluji bado.

Maharage yapo kila duka. Unga wa ndizi beba, huo utaulilia. Kahawa iliyokaangwa na viungo havina shida. Nyama usithubutu, hata iliyokaushwa. Matunda mabichi na mbegu acha. Na isale, nisamehe mama mkwe, mche wenye udongo hauingii. Mwombe akupe baraka zake kwa mdomo. Chakula chochote unachobeba kiseme forodhani. Kukisema ni bure, kukificha ndiko kuna faini.

Halafu kitu ambacho wengi hawaambiwi. Mkifika Toronto, huo ndio uwanja wenu wa kwanza Kanada, kwa hiyo hapo ndipo ukaazi unapothibitishwa na mabegi yote mnayachukua, hata kama yana lebo ya Edmonton. Mnapita forodha, kisha mnayakabidhi tena. Nenda na orodha ya vitu vyako nakala mbili: ulivyonavyo, na vitakavyofuata baadaye. Kuna fomu yao BSF186. Vitu vyako vya nyumbani ulivyokuwa unavitumia kabla ya kuhama vinaingia bila ushuru, hata vikija kwa meli baadaye, ila viwe kwenye hiyo orodha ya siku ya kwanza. Usipoviandika siku hiyo, umejitafutia ushuru. Kwa hiyo kama una meza ya cherehani unayotaka itumwe baadaye, iandike.

Hakikisha kati ya ndege na ndege pale Toronto kuna saa nne. Saa mbili na watoto hazitoshi.

MamaWawili_Rau

Asanteni sana jamani, na wewe mzee Mungu akuzidishie. Nimemtumia baba watoto uzi wote. Alikaa kimya, baadaye akanitumia hesabu: baada ya mabegi, viza na basi, nafuu imebaki kama dola 90 kwa watu watatu. Amesema basi, tutoke KIA.

Leo nimebeba kichwa cha cherehani mpaka sokoni Mbuyuni, nikamwomba muuza maharage anipimie. Kilo 12 na nusu! Watu wakacheka wakidhani nauza. Sasa nikiweka kwenye begi lenye matairi, begi lenyewe lina kilo 5 kabla sijaweka kitu. Je, nikibebe mkononi?

MzeeWaMizani

Mkononi hapana. Kilo za mkononi ni 7, na wakikipima mlangoni utabishana nao huku watoto wanalia.

Kiweke chini, ila siyo kwenye hilo begi la matairi. Tafuta begi jepesi la turubai, au kata boksi gumu ulizungushie kamba. Mwaga mafuta yote kwanza, ufute, uache kichwa kikae juu ya gazeti usiku mzima uone kama bado kinavuja. Mafuta yakichuruzika kwenye vitenge vyako utajuta. Toa sindano na boksi la bobini, uvifunge peke yake kwenye soksi humo humo begini. Gurudumu lifungue kama linafunguka, ndilo linalovunjika. Kisha kizungushie vitenge pande zote, chuma kisiguse ukuta wa boksi. Kilo 10 zinazobaki jaza nguo laini za watoto, siyo vitabu. Vitabu vigawe kwenye mabegi mengine matano, havionekani kwa macho lakini mizani inaviona.

Paua benki na betri za akiba zikae mkononi, hazishuki chini. Karatasi za ukaazi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi za chanjo, mkononi pia, mfuko mmoja usiotoka begani kwako.

Na kabla hujalipa, soma kwa sauti majina yaliyo kwenye tiketi ukiwa umeshika pasipoti zote tatu. Herufi moja ikikosewa, kuirekebisha kunaweza kula hizo dola 90.

MamaWawili_Rau

Sawa mzee. La mdogo waliandika bila jina la katikati. Kesho asubuhi niko ofisini kwao mjini kabla hawajafungua.