Viazi mviringo: majani tele, chini gololi tupu. Nisaidieni

Mwenye Jembe (mleta uzi)
Wakuu, habari zenu. Nina kabustani nyuma ya nyumba, humo nimepanda viazi mviringo. Majani yamenawiri mpaka wapita njia wanasifia, kumbe chini hamna kitu. Nimefukua shina moja, vimo vya saizi ya gololi, na vile vya juu juu vimegeuka kijani. Samadi ya kuku niliweka ya kutosha, halafu urea juu yake. Mbegu ni viazi vilivyochipua jikoni. Maua yameanza kutoka juzi. Ning'oe?

Bi Kitalu
Using'oe! Maua ndiyo kwanza yanatoka, viazi vingi huanza kunenepa wakati huu. Kukomaa ni siku 90 hadi 120, inategemea aina. Ila urea iache. Naitrojeni ikizidi, mmea unajenga majani na kuchelewesha viazi, na samadi ya kuku pekee inayo nyingi. Angalia joto pia: viazi hujaa vizuri udongo ukiwa nyuzi 15 hadi 20. Ukikaribia 30, karibu vinagoma. Tandaza nyasi kavu upoe.

Suka Matuta
Mimi nauliza, udongo umeshapandishia? Kiazi hakitoki kwenye mizizi. Kinatoka kwenye vijitawi vinavyochomoza pembeni ya shina lililofukiwa, ndiyo maana mche ukifika sentimita 20 hivi tunavuta udongo hadi nusu ya shina, na baada ya wiki mbili tatu tunarudia. Kwa sasa majani yameshafunga, fukia tu vinavyochungulia. Taratibu na jembe.

Kijana wa Uani
Mwaga majivu mkuu, dawa ya kila kitu 😂

Bi Kitalu
Mwanangu, majivu yanapunguza tindikali ya udongo, na viazi vinapenda tindikali kidogo. Ukizidisha utavuna viazi vyenye vigaga.

Mwenye Jembe
Asanteni sana. Vya kijani nikivimenya si vinalika? Halafu kuna shina moja limenyauka ghafla, majani bado mabichi na udongo umelowa.

Suka Matuta
Vya kijani tupa. Jua lililovipa rangi limeviongezea na solanini, sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.
Hilo shina ndilo linanitia wasiwasi. Kata kipande karibu na ardhi, kisimamishe kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Ukiona uzi mweupe unateremka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria.

Mwenye Jembe
Umeteremka.

Suka Matuta
Pole mkuu. Dawa hakuna. Ng'oa shina hilo pamoja na viazi vyake na udongo wa pale pale, usitupe kwenye mboji. Maji yasitiririke kutoka hapo kwenda kwa mengine. Misimu kadhaa hapo usipande viazi, nyanya, bilinganya wala pilipili, wote ni ukoo mmoja. Weka mahindi.

Bi Kitalu
Mbegu ya jikoni hubeba ugonjwa huo bila kuonyesha dalili. Safari ijayo nunua iliyokaguliwa, panda sentimita 30 mche kwa mche, 75 mstari kwa mstari. Vilivyobaki vipe muda, majani yakikauka subiri kama wiki mbili ganda likaze ndipo uchimbe.

Kijana wa Uani
Na jembe lioshwe kabla ya kugusa mashina mengine. Hilo sitanii.