Naomba ushauri: apdeti za brauza hazisemi zimeziba nini

Habari zenu wakuu. Nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga, natumia bando, sasa brauza inajiapdeti yenyewe mchana wateja wakisubiri kuprinti fomu na ukifungua maelezo wameandika marekebisho ya usalama basi, tundu gani na kama wezi washaanza kulitumia hamna. Najua mengine hufichwa kwanza mpaka watu wengi waapdeti, hilo sawa kabisa, ila mimi nitajuaje ipi ya haraka na ipi isubiri usiku? Kuzima naogopa, watu wanafungua akaunti za benki hapa. Nimebana intaneti kwenye Windows, brauza bado inashusha tu.

Nikihamia Firefox ESR, inayoletewa zaidi viraka vya usalama kuliko mambo mapya, bando litapona? Na zile namba za CVE, zinazotambulisha kila tundu la usalama, mnazisomea wapi kwa lugha nyepesi?