Naomba ushauri: ada ya redio na TV Ujerumani, nyumba moja wapangaji wanne
Wakuu mlioko Ujerumani, naomba ushauri kuhusu Rundfunkbeitrag, ile ada inayoendesha mashirika ya utangazaji ya umma ARD, ZDF na Deutschlandradio. Tangu 2013 inatozwa kwa kila makazi, hata kama ndani hamna redio wala TV. Tangu Agosti 2021 ni euro 18.36 kwa mwezi, yaani 55.08 kwa miezi mitatu. Hapo sina ubishi.

Tuko wanne, mmoja ndiye aliyesajiliwa. Wengine tumeletewa barua na ofisi ya ada baada ya kujiandikisha manispaa, na jibu lake linajulikana: unataja namba ya mlipaji, basi. Ukikaa kimya wanakusajili wenyewe, na deni likichelewa linaongezwa asilimia 1, isiyopungua euro 8.

Sasa mlipaji anahama. Ajiondoe kwanza, au mmoja wetu ajisajili kwanza ili nyumba isidaiwe mara mbili? Pia mmoja ana BAföG (msaada wa serikali kwa wanafunzi) na anastahili msamaha, ila msamaha huo haufuniki wapangaji wenzake. Kwa hiyo naona ajisajili asiye na BAföG. Mnaonaje? Na nani anapaswa kuandikia ofisi ya ada, anayehama au anayebaki?